Petroli, Dizeli na Ng'ombe wa Mama Ciarunji

Jirani yangu hapa mtaa wa Dallas, Embu mjini, kijana msomi mwenye viatu vyeupe, alikuja juzi kuniomba ushauri. Anakodisha mahema na viti vya harusi na matanga, na sasa ameundiwa trela la kubebea mzigo huo wote pamoja na jenereta. Akaniita babu kwa lugha ya kwetu, akaniuliza, "Guka, ya kuvuta trela ni petroli ama dizeli?" Nilifurahi. Nilivuta kiti na kumwambia mke wangu aweke chai jikoni. Kabla chai haijachemka nikagundua kwamba gari ameshalinunua, ni la petroli, na ameliegesha mlangoni pangu nilione. Siku hizi ndivyo ushauri unavyoombwa. Mtu anaoa kwanza, halafu anakuja kuuliza kama bibi harusi ana tabia nzuri.

Sikumvunja moyo. Nilimwambia gari lina rangi nzuri.

Lakini ninyi wengine ambao bado hamjanunua, kaeni kidogo. Karibu maisha yangu yote ya kazi nilivuta matrela kati ya Embu na Meru. Nimevuta viazi, mbao, mahindi, mashine za kusaga, matangi ya maji, na safari moja nilivuta kwaya nzima ya kanisa iliyokataa kushuka. Sijui kuangalia hizo video zenu ambamo mzungu anavuta nyumba yake kwenye barabara iliyonyooka kama rula. Ninachojua ni harufu ya klachi inayoungua, na simu bado haitoi harufu.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Kaburu, dereva wa Kimeru ambaye sikuwahi kumsikia akimsifu mtu, hata marehemu. Siku ya kwanza nilimwonyesha leseni yangu mpya. Aliigeuza mbele na nyuma, akanirudishia, akasema hiyo ni ya kumwonyesha polisi, trela halijui kusoma. Kisha akaniambia nirudishe trela nyuma mpaka kwenye ghala. Nililirudisha mpaka kwenye choo cha tajiri. Kaburu hakunigombeza. Aliita watu waje waone.

Kwake nilijifunza kwamba mzigo mzito hukaa mbele kidogo ya ekseli, ili trela liegemee gari. Ukiuweka nyuma, trela linatingisha mkia, na ukifika kwenye mteremko ni wewe unayevutwa. Nilijifunza kukagua pini ya kuungia kwa mkono, si kwa macho, na kufunga mnyororo wa akiba hata kama safari ni ya kuvuka barabara tu. Na nilijifunza kwamba anayejaribu gari la kuvuta likiwa tupu, kwenye tambarare, baada ya kunywa chai, hajajaribu kitu. Mpelekee mwenye gari trela lako limejaa, tafuta mlima, simama katikati, kisha jaribu kuondoka. Akikataa, ameshakujibu.

Najua mnangoja niseme dizeli ni malaika. Vijana wa siku hizi mkisikia neno dizeli mnavua kofia. Basi nendeni Kangeta, kule juu Meru, asubuhi ya mwezi wa saba, kwenye baridi inayofanya mbuzi kukohoa, mkawashe dizeli kuukuu isiyo na hita ya injini. Tuliwahi kusukuma lori mpaka tukasahau tulikuwa tunaenda wapi. Tanki likikauka, hewa inaingia kwenye mabomba, na unakaa kando ya barabara ukifungua nati moja baada ya nyingine, mikono inanuka hadi Jumapili, na kanisani watu wanakuachia benchi zima.

Halafu kuna hili ambalo wauzaji hawawaambii. Kwenye miteremko ya mito ya Thuci na Nithi, njia ya Embu kwenda Meru, ukiondoa mguu kwenye mafuta, injini ya petroli inabana pumzi na kukurudisha nyuma kidogo. Zile dizeli zetu za zamani, zisizokuwa na breki ya ekzosi, hazikuwa na habari hiyo. Ziliendelea kuteremka tu kwa furaha. Kilichokuokoa ni gia. Kaburu alikuwa na sheria kwamba mlima unaupanda kwa gia fulani, na gia hiyohiyo ndiyo ya kuushukia, au ndogo zaidi, na unaiingiza ukiwa juu, si baada ya kuanza kuomba Mungu.

Kwa hiyo dizeli si malaika. Ila kuvuta inavuta. Inavuta polepole, injini ikiwa chini, bila kelele ya kujisifu, na inaweza kufanya hivyo kutwa nzima. Petroli ya siku zile ilitaka uipigishe mbio ndipo itoe nguvu, na ikipigishwa mbio mlimani na mzigo nyuma, inachemka. Na inakunywa mafuta. Ungedhani inaoga.

Sasa niwaambie kuhusu tajiri wetu, M'Ikiugu wa Kangeta.

M'Ikiugu alikuwa mfanyabiashara wa miraa, na alikuwa na magari mawili. Moja lilikuwa pikapu kubwa ya petroli, silinda sita, rangi ya maziwa, ya kupeleka miraa Nairobi. Nililiendesha mimi. La pili lilikuwa lori kuukuu la dizeli lililobeba viazi, na moshi wake ulijulikana mpaka Isiolo. Hilo lilikuwa la Kaburu. Ninyi mmezaliwa mkiikuta miraa, kwa hiyo mnajua kwamba ni mzigo mwepesi wenye haraka. Ikichelewa inakauka na hakuna anayeitaka. Ndiyo maana Kangeta nzima ilikuwa na imani moja, kwamba gari linalofikisha miraa mapema haliwezi kushindwa na chochote. Ungewaambia kuna gari linavuta mlima wenyewe, wangeuliza linafika Nairobi saa ngapi.

Mwaka huo mvua ilikataa. Kule juu Meru tulilalamika, lakini kule chini Mbeere watu hawakuwa na nguvu ya kulalamika. Mama Ciarunji, mjane aliyeishi Gachoka huko Mbeere, alikuwa na ng'ombe tisa, na hao tisa ndio waliokuwa shamba lake, benki yake na karo ya watoto wake. Majani yaliisha, kisima kikakauka, na ng'ombe wakawa hawawezi kutembea mpaka soko la Embu, achilia mbali kupanda Meru. Akamtumia M'Ikiugu ujumbe kuomba awahifadhi mpaka mvua irudi.

Hapa lazima nieleze, maana ninyi mnajua ukoo wa wachezaji wa Uingereza kuliko wenu. Kati ya ukoo wa M'Ikiugu na ukoo wa Mama Ciarunji kulikuwa na gichiaro, undugu wa kiapo uliofungwa na mababu. Mtu wa gichiaro akikuomba kitu, unampa. Humkatalii, humdanganyi, humdhuru, na ukifanya hivyo, mkosi utakufuata wewe na nyumba yako. Watu ambao hawakuogopa mahakama waliogopa gichiaro. Kwa sababu hiyo pia mwombaji mwenye adabu haombi hovyo. Mama Ciarunji hakuwa amewahi kuomba chochote maishani.

M'Ikiugu alikubali papo hapo. Trela lilikuwepo, chuma kitupu, lililoundwa na mafundi wa Meru kwenye ekseli ya lori, zito hata bila mzigo. Kaburu alikuwa anashuka Embu na viazi siku hiyohiyo, na akasema ni rahisi tu, akishapakua ateremke Gachoka achukue ng'ombe. M'Ikiugu alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Nikachukue ng'ombe za gichiaro yangu na hiyo jiko ya makaa?" alisema. "Watu wa Mbeere waseme M'Ikiugu alikuja na moshi? Njeru huyu dereva wangu atavuta na hii nyeupe. Na mimi mwenyewe nitakuwa ndani."

Nikamwambia Mzee, pikapu haijawahi kuvuta uzito huo kwenye mlima. Akaniuliza mara ya mwisho nilifika Nairobi saa ngapi. Nikajibu. Akasema basi.

Tulifika Gachoka kwa heshima zote, trela likiwa tupu, M'Ikiugu amevaa suti na kofia. Nyuma ya pikapu tulikuwa na mapipa mawili ya maji tuliyojaza Embu, ya kuwanywesha ng'ombe njiani, kwa sababu Gachoka hapakuwa na hata maji ya kunawa. Watu walitoka kuliangalia gari. Tajiri wangu alilizunguka mara kadhaa ili na wao walizunguke.

Kupakia kulitushusha heshima. Wale ng'ombe walikuwa mifupa iliyofunikwa ngozi, na kila mmoja tulimpandisha kwa kusukuma na kubembeleza. Mama Ciarunji aliwaita kwa majina. Wa mwisho alikuwa Kairu, mweusi, mwenye mimba, ambaye miguu ilikuwa inatetemeka kabla hatujaondoka. Mama akakataa kukaa mbele na sisi. Alipanda trelani asimame nao, kwa sababu ng'ombe dhaifu akilala katikati ya wenzake, wanamkanyaga, na hainuki tena.

Kutoka Gachoka kwenda Embu si mlima wa kumtisha mtu. Ni barabara inayopanda bila kusema. Ilikuwa ya murram siku zile, udongo mwekundu bila lami, jua la saa sita, na ng'ombe kila tukipanda wanasogea nyuma humo trelani, kwa hiyo uzito wote unakwenda pale ambapo Kaburu alinikataza. Mshale wa joto ukaanza kupanda. M'Ikiugu akasema mshale huo ni mwongo, umekuwa mwongo tangu anunue gari. Nikafungua hita ya ndani yote, kwa sababu inavuta joto la injini na kulitupia abiria. Ni dawa nzuri, ijaribuni mkikwama. Tajiri alikaa ndani ya hiyo dawa na suti yake, jasho likitiririka kwenye tai, na kwa ajili ya heshima hakuvua hata kofia.

Injini ikachemka. Tukasimama. Nilingoja ipoe kabla ya kugusa kifuniko cha redieta, kwa maana mkiifungua ikiwa moto itawapikia uso, kisha nikaanza kuijaza. Pipa la kwanza likaisha, sehemu kwenye redieta, sehemu ardhini kupitia bomba lililokuwa limeanza kupasuka. Mama Ciarunji aliangalia kutoka trelani. Ng'ombe wote walikuwa wamegeuza vichwa kuelekea sauti ya maji.

Tukaenda kidogo, tukasimama tena.

Nikamwambia M'Ikiugu tufanye jambo moja la akili. Kaburu yuko soko la Embu anapakua viazi. Tupumzike hapa, pipa lililobaki wanywe ng'ombe, mimi nipande gari lolote linalopita nikamlete. Alikataa. Kuokolewa na lile lori mbele ya mtu wake wa gichiaro, alisema, ni afadhali atembee. Nikamwambia kutembea pia ni wazo zuri. Hakucheka. Akalishika pipa la pili kwa mikono yake mwenyewe na suti yake, akamwaga maji ya ng'ombe kwenye redieta mpaka tone la mwisho.

Pikapu ikaenda mpaka kona ya kwanza. Hapo ikatoa moshi mweupe nyuma, ikatetemeka, ikanyamaza. Gasketi ya kichwa cha injini ilikuwa imeungua. Mbele yetu Embu ilionekana kabisa, ya kijani, kule juu.

Nyuma, Kairu akalala.

Tulipanda wote wawili trelani. Mama Ciarunji alikuwa amepiga magoti, kichwa cha ng'ombe kimelala mapajani mwake, na kwa mgongo wake alikuwa anawazuia wengine wasimkanyage. Ulimi wa Kairu ulikuwa nje, mkavu. M'Ikiugu alivua kofia, hatimaye, akaanza kusema kuhusu petroli mbaya ya Embu, kuhusu fundi fulani, kuhusu jua. Wale wawili lugha zao za nyumbani ni mbili, kwa hiyo walielewana kwa Kiswahili cha sokoni, na labda ndiyo sababu maneno ya Mama yalikuwa machache.

"M'Ikiugu, mimi sikukuomba ukuje na gari mzuri," alisema. "Nilikuomba ng'ombe zangu zifike. Umezinyima maji ukapatia gari."

Nilimwona M'Ikiugu anageuka rangi, na si kwa sababu ya jua. Alikuwa amemdhuru mtu wa gichiaro, mchana, mbele ya shahidi, kwa mkono wake mwenyewe.

"Sasa nakuomba kitu ya pili," Mama akaendelea. "Nipatie hiyo lori ya moshi. Sio ya kuniazima. Nipatie ikuwe yangu. Hizi zangu zimepata mahali pa kwenda, lakini nimeacha Gachoka yote ikiangalia juu. Nataka hiyo lori iwaletee maji."

Nilitazama chini. Lori la biashara, jamani, haliombwi kama chumvi. Kila mtu pale alijua hivyo, na kila mtu alijua kwamba halikataliwi. M'Ikiugu alizungusha kofia yake mikononi.

"Nimekupatia," alisema.

Lori la mchanga likanichukua mpaka Embu. Kaburu alishuka na dizeli yake, amejaza mapipa ya maji sokoni. Alifika, akaiangalia pikapu, akaiangalia suti, akauliza miraa iko wapi. Kisha akaacha mzaha, kwa sababu alimwona Kairu. Tuliwanywesha ng'ombe kidogo kidogo, maana mnyama mwenye kiu kali ukimwachia ndoo nzima unamuua. Kairu tulimpitishia magunia tumboni, tukamwinua, tukayafunga kwenye vyuma vya trela, akasimama nusu kwa miguu yake na nusu kwa magunia. Tukaunganisha pini, mnyororo wa akiba, tukaondoka.

Ile safari ilikuwa ya aibu kwa mtu yeyote anayependa mwendo. Waendesha baiskeli walitupita wakituonea huruma. Moshi uliwafunika watu wa Runyenjes. Thuci tulishuka kwa gia ya pili na kupanda kwa gia ya pili, Nithi vilevile, na kote huko injini ilikuwa inanguruma sauti ileile moja kama inasoma magazeti. Ng'ombe wote tisa walifika Kangeta hai. Kairu tulimshusha juu ya mlango wa nyumba tulioung'oa uwe machela, wanaume wanne, na Mama Ciarunji akilia waziwazi bila kujifuta, na mimi pia, kama mnataka kujua.

Kaburu alikataa kuhamia joto la Mbeere, akasema yeye si mjusi. Mimi ni mtu wa Embu, kwa hiyo nililifuata lori kwa mmiliki wake mpya, tukavuta matangi ya maji Gachoka kiangazi chote. Ile pikapu nyeupe nayo ilirudi Kangeta kwa mnyororo, nyuma ya dizeli, na ilibidi M'Ikiugu amwombe mwenye lori ruhusa.

Mvua iliporudi tulikwenda kuwachukua ng'ombe. Kangeta nzima ilijaa pale uani, na walikuwa na sababu. Gichiaro ina njia mbili. Kama Mama aliomba akapewa, M'Ikiugu naye angeweza kuomba, na Mama asingeweza kukataa. Watu walikuwa wameshakubaliana kwamba leo mzee anadai lori lake. Mama Ciarunji pia alijua. Alikuja na funguo mkononi, hakuzificha. Gachoka bado tulikuwa tunachota maji kwa hilo lori, kwa sababu mvua moja haijazi kisima.

Ng'ombe walipakiwa, wanene, wakaidi, Kairu na ndama wake. Kisha M'Ikiugu akamwita Mama kando, karibu na trela nilipokuwa nimeshika kamba. Akaziangalia zile funguo. Akaangalia watu.

"Na mimi nakuomba kitu," alisema polepole. "Usiambie mtu yale maji niliweka wapi."

Mama alimtazama, kisha akafunga kiganja chake juu ya funguo.

"Nimekupatia," akasema.

Na alishika neno lake. Hata watoto wake mwenyewe aliwaambia tu kwamba gari la kwanza lilipata joto, wakabadilisha, mpaka siku tulipomzika kule Gachoka. M'Ikiugu naye alizeeka akisifiwa kwa lori alilowapa watu wa Mbeere kwa moyo wake mweupe. Ukoo wangu mimi hauna gichiaro na mtu yeyote wa Igembe, kwao M'Ikiugu, na siku ile yeye hakuniomba mimi nifiche chochote.